‘Mafuta Yatoke Kwanza’: Jepkemei na Makabati ya Kiamunyi

“Unapika githeri ama unapaka rangi?” Kimeli anafoka, akiisukuma kwa mguu sufuria ya maji ya magadi.

Linah Jepkemei haachi kusugua. “Boss, hapa kuna mafuta ya chapati ya miaka. Rangi haishiki juu ya mafuta.”

“Piga msasa!”

“Msasa unayasambaza tu. Mafuta yatoke kwanza.”

Ni saa tatu asubuhi, nyumbani kwa Wangui, Kiamunyi. Milango ya makabati ya jikoni imelazwa uani, kila mmoja na namba ya chaki mgongoni. Kimeli, mkandarasi, anataka ipakwe na kurudishwa leo. Jepkemei, kibarua wake wa shilingi mia nane kwa siku, anataka ioshwe, isuuzwe, ikauke.

“Shika brashi ama uende nyumbani,” Kimeli anamwambia.

Jepkemei, mama wa watoto wawili, anakihitaji kibarua hiki. Hata hivyo haishiki brashi. Anabandika utepe wa gundi kwenye mlango wa mfano ambao Kimeli aliupaka wiki jana bila kuuosha, anauvuta. Rangi inatoka nzima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Anabandika utepe mwingine kwenye mlango wa pili wa mfano, ambao yeye mwenyewe aliuosha na kuupaka siku hiyo hiyo ya wiki jana. Utepe unatoka mtupu.

Wangui, mwenye nyumba, anayewatazama kutoka mlangoni, anaangua kicheko. “Kimeli, si uende tu! Huyu mama atanimalizia.”

Kimeli anachukua ngazi yake na kuondoka.

Ujuzi huo Jepkemei, mwenye umri wa miaka 36, aliupata Mai Mahiu, akisafisha jikoni kwenye hoteli ya madereva wa malori.

“Kuku wa kukaanga kutwa nzima. Rafu zilikuwa zinateleza,” anasema. “Sabuni ilishindwa. Magadi ndiyo yalikata. Lakini usuuze vizuri, yakibaki pia yanakataa rangi.”

Alhamisi ya wiki hiyo, milango iko mahali pake, kijani kibichi, laini. Wangui anakaanga mandazi makusudi, kisha anapitisha kitambaa chenye maji moto. Hakuna kinachobanduka.

“Ona! Na bwanangu alikuwa ameshaagiza fundi wa kung’oa makabati yote,” anasema.

Simu ya Jepkemei inalia. Ni Kimeli.

“Rudi. Nitakuongeza pesa, nikuite fundi.”

“Fundi nimeshakuwa, boss. Siku ukiwa na jikoni imekushinda, nipigie tupatane bei.”

Anakata simu. Anasema ndoto yake ni kuajiri wanawake wawili aliofanya nao kazi hotelini. “Mafuta wanayajua. Rangi nitawafundisha.”

Jirani, Abby, ambaye amekuwa akipapasa milango muda wote huu, anauliza, “Na yangu utaanza lini?”

“Uko na maji moto?”

“Iko.”

“Basi twende.”

Jepkemei anachukua bisibisi na pakiti ya magadi. Abby hajamaliza kutoa vikombe kabatini, na mlango wa kwanza tayari uko uani.