Sakafu ya Teunis Hoogland

Teunis Hoogland hakuwahi kuchelewa mahali popote maishani mwake, na ugonjwa huo ndio uliokuja kummaliza. Pipa la taka alilitoa barabarani tangu mchana wa siku iliyotangulia, wakati jirani zake wa mtaa wa Meerzicht, kwetu Uholanzi, hawajakumbuka hata kesho ni siku gani. Akialikwa sikukuu ya kuzaliwa ya mtu, alifika mapema, akazungukazunguka kwenye kona na maua yake mkononi akisubiri saa ifike ndipo abonyeze kengele. Mkewe, Riet, alimcheka kwa hilo mpaka alipofariki. Sisi wengine tuliendelea kumcheka baada ya hapo, ingawa kwa sauti ya chini kidogo.

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya kupanga, katikati ya safu, mali ya shirika la nyumba. Lakini Teunis alivyokuwa akisema "nyumba yangu," usingethubutu kumsahihisha. Walihamia wangali vijana, wakamlea humo binti yao Marleen, akaolewa kutoka humo, na Riet akafia humo, kwenye kitanda walichokishusha sebuleni ili aweze kuona barabara. Dirisha kubwa, pazia wazi, kila anayepita na baiskeli anapunga mkono. Riet alipunga mpaka mkono ulipokataa.

Na hapo sebuleni palikuwa na sakafu.

Teunis alikuwa mtunzaji wa shule ya msingi ya mtaani. Ndiye aliyefungua malango, akazibua vyoo, akawafunga watoto plasta za magoti. Ukumbi wa michezo wa shule ulipobomolewa, mbao za sakafu yake zilikuwa zinakwenda kutupwa. Yeye akaziomba, akazihamisha kwa baiskeli ya mizigo, kiangazi kizima. Kisha yeye na Riet wakapiga magoti sebuleni kwao wakavibandika vile vibao kimoja kimoja, vikiegemeana kama mifupa ya samaki. Mistari ya uwanja iliyopakwa juu ya vibao hawakuikwangua. Riet alikataa katakata. Kwa hiyo kipande cha mstari wa bluu kikaangukia karibu na dirisha, chekundu chini ya meza, cha njano mlangoni, na michezo yote ya watoto wa mtaa ule ikawa imetawanyika chini ya viti vyao. Riet akaweka sheria: viatu vinabaki mlangoni. Hata daktari aliyekuja kumtazama siku zake za mwisho alivivua.

Baada ya Riet, magoti ya Teunis nayo yakaanza kumsaliti. Marleen alikuwa amemwandikisha zamani kwenye foleni ya nyumba za wazee, zile za ghorofa zenye lifti, na siku moja zamu ikafika.

"Baba, ukikataa unarudi nyuma kabisa ya foleni," Marleen alimwambia. "Utazipanda hizo ngazi kwa makalio mpaka lini? Nimekuona, usinidanganye."

"Na sakafu?"

"Mungu wangu! Nakuuliza magoti, unanijibu sakafu."

"Kule ghorofani mbao ngumu haziruhusiwi. Jirani wa chini atasikia kila hatua."

"Basi iache hapa."

Teunis akaridhia. Lakini aliridhia kwa tumaini moja tu, na hilo alimwambia Sjaan wa mlango wa pili, maana Marleen angemwona mtoto. Alitaka sakafu ibaki pale pale alipoibandika na Riet, mtu mwingine aikanyage, watoto wengine waicheze. Ikibaki, alisema, ataweza kuishi popote.

Sjaan, mjane mwenye sauti iliyokauka kwa sigara, alimtazama juu ya uzio. "Wewe hata ukizikwa utafika makaburini kabla ya jeneza," alisema. Kisha akaongeza, kwa upole usio wa kawaida yake, "Itabaki, Teunis. Nani mwenye akili atakataa sakafu ile?"

Shirika likamleta Bwana Postma, kijana mpole mwenye tableti kwapani. Alikagua kila chumba, akapiga picha, akakubali kikombe cha kahawa na biskuti moja, kama desturi yetu, kisha Teunis akafunga mkebe.

"Sheria unaijua, Bwana Hoogland. Nyumba inarudi kama ulivyoipokea."

"Niliipokea saruji tupu."

"Basi saruji tupu. Isipokuwa mpangaji mpya aseme anaichukua sakafu. Akikubali, anaweka sahihi, inabaki, nami sina neno."

Mpangaji mpya alikuja wiki hiyohiyo, kijana anaitwa Jurriaan, na mchumba wake. Teunis alikuwa amepaka nta sakafu mara mbili. Alivaa shati la kola. Kijana alivua viatu vizuri tu, akatembea kwa soksi kutoka dirishani hadi jikoni, akipima kuta kwa kifaa chake cha mwanga mwekundu, na Teunis akamfuata nyuma, mikono mgongoni, akisubiri.

"Na hii sakafu?" Teunis aliuliza mwishowe, maana hakuweza tena kuvumilia.

Jurriaan akatazama chini. "Nikuambie ukweli? Mbaya. Yaani kazi umeifanya vizuri, hilo naliona. Lakini hii mistari inanipa kizunguzungu. Sisi tunaweka ya kijivu."

"Mistari inaweza kukwanguliwa," alisema Teunis, na moyo wake ukamsuta palepale, kama amemuuza Riet.

"Hapana, asante. Kahawa nzuri lakini."

Hakukuwa na ubaya. Hapa kwetu mtu akiulizwa hujibu ukweli, na Teunis mwenyewe angejibu vilevile. Aliwasindikiza hadi mlangoni, akawapa mkono, akarudi akaketi. Bwana Postma akamwambia kwa simu kuwa anasikitika, kwamba sakafu itabidi iondolewe, na kwamba anao muda mpaka mwisho wa mwezi.

Mwezi wenyewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza.

"Mwisho wa mwezi maana yake mwisho wa mwezi," Sjaan alimwambia asubuhi ya pili, alipomwona akitoa mtaimbo kwenye kibanda cha baiskeli. "Kaa chini. Kunywa kahawa. Watu hubadili mawazo."

"Tumeshakubaliana, Sjaan."

"Mmekubaliana mwisho wa mwezi!"

"Kazi ni ileile."

"Wewe mwanamume una kichwa kigumu kuliko hizo mbao zako!"

Teunis aliingia ndani, akavua viatu, akapiga magoti yale mabovu, akachomeka mtaimbo chini ya kibao cha kwanza pale dirishani. Nami nasema, laiti angekuwa mvivu hata kidogo! Laiti angekuwa kama mimi na wewe, tunaoacha mambo mpaka siku ya mwisho na kuomba radhi. Lakini Teunis aliona aibu kubaki na kitu alichokwisha kuambiwa akiondoe. Gundi aliyoipaka na Riet ilikuwa imeshika kweli. Vibao vilitoka vimepasuka, kimoja kimoja, kwa sauti iliyosikika nyumba tatu upande huu na tatu upande ule. Marleen alikuja Jumamosi na mumewe wakasaidia kubeba. Alipofika mahali kilipokuwa kitanda cha Riet, Teunis aliwaambia watoke nje, akavitoa vibao vya hapo peke yake. Alilia, na hakuficha macho alipotoka kuwaomba ndoo. Mbao zote zikaenda kwenye kituo cha taka cha manispaa, zikamwagwa kwenye kontena la mbao chakavu pamoja na vitanda vya watu na milango iliyooza.

Kisha akakwangua gundi. Akafagia. Akafuta vumbi hata juu ya mabomba. Akahamia kwenye ghorofa yake, ambako Marleen alikuwa amemtandikia zulia laini, na huko akasubiri mwisho wa mwezi, hana la kufanya.

Siku ya kukabidhi funguo alifika wa kwanza, bila shaka. Alivua viatu mlangoni, kwa mazoea tu, akaingia kwa soksi kwenye saruji baridi. Sebule ilitoa mwangwi. Sjaan akaja akasimama kizingitini, amekunja mikono, na baada yake Bwana Postma na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana koti la mvua, nywele zimelowa.

"Yule kijana alijitoa," Bwana Postma alieleza. "Amepata nyumba mji wa Delft. Huyu ni Bi Anouk Ramdin, ndiye anayefuata kwenye orodha."

Mwanamke yule hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama Teunis.

"Bwana Hoogland? Wa shule?" Akacheka, akashika mashavu. "Ulinifunga goti! Siku ile ya kuruka kamba, mimi ndiye niliyepiga kelele mpaka mwalimu akakimbia!"

Teunis alimkumbuka, au alitaka kumkumbuka. Alimpa mkono.

"Nilipoambiwa nyumba iko mtaa huu, mama akaniambia, je, ikiwa ni ya yule mtunzaji? Yule aliyebeba mbao za ukumbi kwa baiskeli?" Akazunguka chumba kizima kwa macho, kisha akatazama chini. Kwenye saruji, hata baada ya kukwanguliwa, alama za gundi zilikuwa bado zinaonekana hafifu, zikiegemeana kama mifupa ya samaki. Akachuchumaa, akazigusa. "Zilikuwa hapa? Ziko wapi? Mimi ningezichukua zote. Nina watoto wawili, ningewaonyesha."

"Zingekuwepo leo, ungeweka sahihi hapa tu," alisema Bwana Postma, akionyesha tableti yake, hana habari na anachokifanya. "Ndiyo sababu tunatoa muda mpaka leo. Lakini Bwana Hoogland ni mtu wa mapema. Natamani wapangaji wote wangekuwa hivi."

Sjaan akatoa sigara mfukoni, akairudisha.

"Zilikuwa nzima?" Anouk aliuliza.

Teunis alitazama mahali pa dirisha, palipokuwa na kipande cha bluu.

"Zilikuwa zimeoza, binti," alisema. "Usijali. Hazikuwa za kufaa tena."

"Ah. Basi, ulifanya vizuri."

"Ndiyo."

Akaweka funguo kwenye kiganja cha Anouk, akampa Bwana Postma mkono, akapita mbele ya Sjaan bila kumtazama, akatoka. Alikuwa amefika kwenye kona ya barabara, mvua inanyesha, Sjaan alipotoka mbio akiwa na viatu vya Teunis mkononi.

"Teunis! Teunis, umetoka na soksi tu!"

Akasimama. Akatazama miguu yake. Akabaki amesimama hapohapo, kana kwamba saa ya kubonyeza kengele haijafika.