Saruji ya Baada ya Chai

Nimechoka kusikia wajukuu wangu wakisimuliwa kwamba mwanamke aliyejenga kwa mawe pale Nakuru alikuwa mchawi, au kimada wa mhandisi, au mwanamume aliyejifunga leso. Wanaosimulia hawakuwapo. Mimi nilikuwa karani wa vifaa katika ujenzi wa nyumba za wafanyakazi, sehemu ya chini ya mji, ambako upepo wa ziwani uliingiza vumbi jeupe hadi ndani ya kidau changu cha wino. Nitaandika niliyoyaona tu, na baadhi yake hayanipendezi.

Mwanamke huyo alitoka Tanganyika, katika kabila dogo ambalo lugha yake hapakuwa na mtu kati yetu aliyeijua. Alimfuata mumewe, kibarua wa shamba la ngano huko Mau Narok; mume akafa kwa homa ya mapafu, naye akateremka mjini kutafuta kazi. Alianza kwa kubeba maji. Ilipotangazwa Hali ya Hatari, mafundi wengi waliondolewa mjini na serikali, na kuta zikabaki nusu. Nyapara, kwa kukosa mtu, akampa mwiko wa kujengea. Kwao kukandika nyumba ni kazi ya wanawake, kwa hiyo mkono wake haukuwa mgeni ukutani. Kuchonga jiwe na kutumia timazi kunyoosha ukuta alijifunza kwa kutazama. Baada ya miaka miwili mhandisi alikubali afanye mtihani wa ufundi. Bila cheti hicho, kila nyapara mpya angeweza kumrudisha kwenye ndoo.

Mkaguzi wa kusimamia mtihani huo alitazamiwa Ijumaa kutoka Nairobi. Jumatatu fundi mmoja aliingia katika kibanda changu cha mabati.

"Karani, shemeji anauza saruji." Shemeji ndilo jina ambalo mafundi walimpa mama yule, kwa kuwa alikuwa mgeni aliyeletwa na ndoa.

"Umemwona akiuza?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu tu. Lakini si unaona mwenyewe mifuko yake inakwisha kabla ya yetu?"

Hilo lilikuwa kweli. Nilijivunia kutoamini uvumi, na huu sikuuamini. Lakini sikuukataa pia. Nilimwagiza mama yule akae mbali na ukuta na arudi kubeba maji hadi nitakapochunguza. Hakubisha.

"Chunguza upesi, karani," alisema. "Ijumaa iko karibu."

Kesho yake alinipeleka nyuma ya jengo, akanionyesha shimo lililojaa mabonge ya saruji iliyoganda. Akaeleza kwamba kila asubuhi wenzake walikoroga saruji ya kutwa nzima. Wakirudi kutoka chai ya saa nne waliikuta imeanza kukaza, wakaongeza maji, wakaendelea kujenga. Yeye alikoroga kidogo kidogo, na iliyokaza aliitupa.

Fundi mmoja alimpigia kelele kutoka juu ya jukwaa: "Shemeji! Saruji si uji, ati lazima uinywe ikiwa moto!"

"Uji ukilala utaupasha," akajibu, ndoo ikiwa kichwani. "Hii ikilala imekufa, na wewe unaizika ukutani."

Wakacheka wote, hata yule aliyeambiwa.

Mabonge yale yalitosha kuwa ushahidi. Mimi sikutosheka. Niliamuru mawe mawili yaunganishwe mbele yangu kwa saruji mbichi, na mengine mawili kwa saruji ya baada ya chai, yote yafunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa hadi Jumamosi. Mhandisi aliniuliza kama hatuwezi kufanya haraka zaidi. Nilimjibu kwamba uchunguzi hauharakishwi.

Ijumaa mkaguzi alifika, akawapima wanaume watatu, akauliza mtu wa nne katika orodha yake yuko wapi. Nilisema anachunguzwa. Alilifuta jina la mama yule kwa mstari, akaondoka kwa treni ya mchana. Mama yule alikuwa amesimama kando ya pipa la maji, akisikia kila neno.

Jumamosi nilifunua magunia. Mawe ya baada ya chai niliyatenganisha kwa mikono. Yale mengine yalikataa hata kwa nyundo. Nilimwita nikamwambia hana kosa.

"Nilikuonyesha shimo Jumanne," alisema.

"Nilitaka uhakika."

"Haya. Umeupata."

Mhandisi aliamuru ukuta wa wale mafundi ubomolewe, na kwa kuwa watu hawakutosha, mama yule pia alipewa mtaimbo. Alibomoa hadi jioni bila kunitazama.

Mkaguzi hakurudi hadi mwaka uliofuata. Siku aliyorudi, mama yule alifaulu mtihani kabla ya saa nne, na baadaye nilishuhudia mwenyewe akiwaongoza mafundi kumi kujenga shule huko Kuresoi. Lakini katika mwaka ule wa kungoja nyapara alibadilishwa mara mbili, na kila mpya alianza kwa kuuliza cheti cha mama yule kiko wapi, kisha akamrudisha kwenye ndoo. Kwa majuma mengi alipita mbele ya dirisha langu na maji kichwani. Hakunisalimu, nami sikujiona kuwa na haki ya kumwita.