Siku Mama Mkwe Aliposukuma Oto

Hii aibu nimeibeba tangu msimu uliopita wa korosho, leo naitua, mkicheka chekeni tu. Mimi nimekulia kwenye pikapu za kukanyaga klachi, lakini kijiweni kwetu Nachingwea wakianza kubishania gia za oto, hizi gari zinazojibadilishia gia zenyewe, nani mbishi kuliko wote? Mimi! Huyu anasifia oto ya gia za kawaida, eti ngumu na unaisikia inavyopokezana gia, yule anasema ya mkanda (ndani unazunguka mkanda badala ya gia) ni laini na hainywi mafuta sana, mimi nawakata: "Oto ni oto. D unakwenda, R unarudi, basi!"

Sasa shemeji yangu Hamisi, kaka wa mke wangu, akaniazima gari yake (kaitolea jasho kwenye ufuta miaka mingapi sijui) nimpeleke mama yao Nandagala, mjukuu wake anatolewa unyago. Akataka kunielekeza, "Shemeji, hii ni ya mkanda, ina mambo yake," nikamwambia wewe tulia.

Tukaondoka, mama mkwe na wadogo zake wawili nyuma, sare ya kitenge imenyooka, mimi na miwani yangu ya jua. Kufika kilimani injini ikaanza kulia mlio mmoja mreeefu, gia haibadiliki, inalia tu, na mimi (mtaalamu) nikajua tayari, nimeiua gari ya watu. Nikajikokota nayo mpaka juu, nikazima ipoe, na kwa mazoea ya pikapu, kwamba kilimani gari unaiacha kwenye gia, nikaiacha kwenye D, nikavuta handibreki. Kuja kuwasha tena, kimya. Haikuguna hata.

Basi nikasema tuisukume, itawakia mtelemkoni. Jamani, mama mkwe ambaye mimi hata ndoo ya maji simwachii abebe, akafunga kitenge kiunoni akasukuma! Gari ikateremka kimyakimya, breki zimekuwa ngumu, mimi peke yangu ndani naita Mungu, mpaka bondeni, na haikuwaka. Nikageuka nikawaona wale akina mama wanakuja kwa miguu, viatu mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Nikampigia Hamisi, nikaweka spika, simu nikaiegesha kwenye dashibodi.

"Shemeji, nisamehe. Gia boksi imekufa."

"Mkono wa gia uko wapi?"

"Uko D."

"Oto haiwaki ikiwa D. Rudisha P, ile ya kuegesha, kanyaga breki, washa."

Ikawaka. Wallahi nililaza kichwa kwenye usukani nikasema alhamdulillahi kwa sauti, machozi yananilengalenga, aibu sikuiona kabisa wakati ule, niliona gari nzima tu.

"Na huo mlio kilimani ndio wake," Hamisi akaendelea. "Ya mkanda haikati gia, inavuta hivyo hivyo. Ila msije mkaisukuma, oto haiwaki kwa kusukumwa."

"Ishasukumwa," nikasema.

"Shemeji, nani kasukuma?"

Mama mkwe, keshafika dirishani, akajibu mwenyewe, anahema: "Mimi mama yako."

Siku hizi nikikabidhiwa gari nauliza kwanza gia yake ni ya aina gani, hata mbele ya kijiwe kizima, na nikielekezwa nasikiliza mpaka mwisho. Mama mkwe bado anapanda nikiendesha, hana kinyongo, ila sasa anakaa mbele, na mama wa watu ambaye hajawahi kushika usukani, kabla sijagusa ufunguo ananigeukia: "Mkwe, uko P?"