Mkono wa Fundi Saa na Kifua Chake

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, ni fundi saa. Watu hawamwiti kwa jina lake, wanamwita Dakika, kwa sababu mteja akiuliza saa yake itakuwa tayari lini anajibiwa "dakika moja tu," hata kama saa yenyewe imeoza tumbo zima. Mama yetu alipofariki Dakika alikuwa bado anatambaa. Nilimbeba mgongoni mimi, nikamlisha mimi, kwa hiyo mtu akiniambia huyo ni mdogo wangu tu, si mwanangu, tutakosana.

Pumu alizaliwa nayo. Halafu akiwa mtu mzima akachagua kazi mbaya kuliko zote kwa mtu wa kifua. Fundi saa huosha vyuma vya saa kwa petroli. Anavitumbukiza kwenye kikombe, anavitoa kwa kibano, anavipuliza kwa mdomo vikauke, pua iko pale pale juu ya kikombe siku nzima, mwaka baada ya mwaka. Nilimkataza. Akaniambia, "Dada, kazi gani nyingine mtu anafanya ameketi na hakimbizwi na mtu?"  

Kiti chake kilikuwa mlangoni mwa duka la vitambaa, upande wa kushoto unapoingia. Meza ndogo ya kioo, taa ya kupinda shingo, trei yenye vyumba vyumba vya skrubu, na ile lenzi nyeusi aliyokuwa anaibana jichoni mpaka ikamchora duara lisilofutika. Upande wa kulia wa mlango anakaa mama mmoja anauza vifungo, zipu na uzi. Sisi tunamwita Mama Vifungo. Tajiri mwenye duka anakaa ndani, na mimi chumba changu kiko nyuma ya jengo hilo hilo, ng'ambo ya uchochoro.

Hospitali walimpa Dakika pampu, ile ya kupuliza mdomoni. Dawa nzuri, sitaisingizia. Kifua kikimbana anabonyeza, anavuta, na muda si muda kinafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Lakini kabla hajarudisha hata kifuniko chake, vidole vinaanza kucheza. Alipokuwa kijana haikuwa shida, alikuwa anaivuta mara moja moja. Umri ulivyosogea kifua kikawa kinadai asubuhi, mchana na jioni, na mkono nao ukawa hautulii asubuhi, mchana wala jioni.

Sasa mtu wa jembe akitetemeka kidogo nani atajua? Lakini skrubu ya saa ya kike ni kama punje ya mchanga. Ikianguka ndiyo basi, mtu mzima anapiga magoti anapapasa sakafu kama anatafuta dhambi zake. Wateja wakaanza utani.

"Fundi, hiyo saa unaitengeneza au unaipigia ngoma?"

"Naichezesha kwanza iamke," anajibu, na wote wanacheka.

Tajiri hakucheka. Siku moja alitoka ndani akasimama mbele ya ile meza, mikono nyuma.

"Fundi, tumezeeka."

"Umezeeka wewe, tajiri. Mimi nimechoka tu."

"Sikiliza, usinifanyie mzaha. Saa za watu zinarudi. Jana yule mwalimu karudisha yake kioo kimekwaruzwa. Na mkwe wangu anatengeneza simu, anatafuta pa kukaa."

"Kwa hiyo ninyanyuke."

"Sijasema hivyo. Tutazame mpaka mwisho wa mwezi. Mkono ukitulia, kaa hapo mpaka ufie hapo. Usipotulia, mimi nifanyeje?"

Dakika alirudi kwangu siku hiyo hakula. Alikaa ameuweka mkono wa kulia juu ya goti anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Hana mke, mke aliondoka zamani. Hana mtoto. Ana kile kiti. Nilimwambia ale, akasema, "Dada, nikitoka pale mimi ni nani?" Nikamwambia wewe ni mdogo wangu, kula. Hakula.

Mama Vifungo alikuwa amesikia yote. Na pale dukani wana mtindo wao, wameuzoea miaka mingi: vidonge wanaazimana kama majirani wanavyoazimana chumvi. Mwenye cha kichwa anampa anayeumwa kichwa, mwenye cha tumbo hivyo hivyo, na aliyepona anabakiza vilivyobaki kwenye kopo la vifungo kwa ajili ya mwenzake. Hawaulizani zaidi ya "unaumwa wapi?" Akamwita Dakika.

"Fundi wangu, mimi nilikuwa hivyo hivyo. Moyo unanienda mbio, mikono kama kuku aliyenyeshewa. Daktari akanipa hivi. Sasa naingiza uzi kwenye sindano bila miwani."

"Bila miwani?"

"Haya, hapo nimetia chumvi. Lakini mkono umetulia, tazama." Akaunyoosha. Kweli ulikuwa umetulia kama ubao.

"Havina madhara?"

"Mimi si niko hai hapa nakusumbua?"

Dakika akameza kimoja kwa chai, na kila asubuhi akawa anameza kingine. Mimi hakuniambia. Alijua ningempigia kelele mpaka jengo lisikie.

Kesho yake na siku iliyofuata mkono ukatulia. Nilipita kupeleka chai akaniita, "Dada, njoo uone." Akabana lenzi jichoni, akashika kwa kibano ule utepe mwembamba wa ndani ya saa, mwembamba kuliko unywele, akauweka mahali pake bila hata kupumua. Hakuna kilichotikisika. Akanyanyua uso akacheka meno yote nje, na Mama Vifungo upande wa pili akapiga makofi. Tajiri alichungulia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akarudi ndani. Nilifurahi mno kiasi kwamba sikujiuliza kitu.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaona jambo moja akanyamaza. Pampu ilikuwa imepoteza nguvu. Anavuta, kifua kinabaki vile vile. Akadhani imekwisha, akaitikisa, akanunua mpya. Nayo ikawa hivyo hivyo. Akadhani wauzaji wamemwibia.

Mchana mmoja tajiri alifungua marobota ya vitambaa, vumbi likajaa mlangoni. Kifua kikambana Dakika pale pale mezani. Akavuta pampu. Akavuta tena. Akavuta mpaka ikawa inatoa upepo mtupu. Mama Vifungo alinijia mbio bila viatu, na nilipofika nilimkuta ameinama, viganja vimebana ukingo wa meza, macho yamemtoka pima, midomo imeiva rangi ya wino. Na mkono wake, ule mkono, ulikuwa umetulia tuli.

Mimi na Mama Vifungo tulimpakia kwenye teksi tukaenda naye. Hospitali wakamvalisha barakoa ya mvuke, dawa ile ile ya pampu lakini nyingi. Daktari alikuwa binti mdogo, miwani ameipandisha kichwani. Alisikiliza mgongo, akasubiri, akasikiliza tena, akakunja uso.

"Mbona hafunguki? Kwa dawa hii alitakiwa awe ameanza kufunguka. Baba, kuna dawa nyingine yoyote unakunywa?"

Dakika akatikisa kichwa kukataa. Lakini mimi nimemlea, namjua anapodanganya. Macho yake yalikuwa yamekwenda mlangoni, kwa Mama Vifungo. Mtu anakata roho bado anamsitiri mwenzake.

Nikamgeukia yule mama. "Kuna nini hapo?"

Akaanza kulia. Akapekua mkoba, akatoa vidonge akampa daktari kwa mikono miwili kama anayekabidhi kisu. Daktari akasoma nyuma yake, akafumba macho kidogo.

"Mama, hiki kwako ni dawa. Kwake yeye ni kizibo."

Hakumtukana, muda wa kutukana haukuwepo. Akaita watu, wakaja na oksijeni, sindano, na dawa nyingine ya mvuke ambayo alisema inapita njia nyingine. Nilisimama nimeshika miguu ya mdogo wangu, ilikuwa ya baridi. Mpaka jioni ndipo aliponitazama akanijua.

Asubuhi yake daktari alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi shule niliishia kwenye kusoma na kuandika, tena kwa shida. Sema nielewe, lakini usinifanye mtoto."

Akasema, "Sawa, Bibi. Ndani ya mwili kuna vitu vidogo sana vinaitwa vipokezi. Chukulia kama ni viti. Dawa haifanyi kazi mpaka ikae kwenye kiti chake. Ile ya pampu ikikaa kwenye viti vya kifuani, misuli inayobana njia ya hewa inalegea, mtu anapumua. Lakini viti vya jamii hiyo hiyo viko pia kwenye misuli ya mikono. Ikikaa huko, mikono inatetemeka. Dawa haina macho, Bibi. Haijui kwamba huyu ni fundi saa."

"Na kile kidonge?"

"Kinakaa kwenye viti hivyo hivyo, vya mikononi na vya kifuani. Kinakaa tu, hakiamshi kitu. Ndiyo maana mkono ulitulia. Pampu ilipokuja ikakuta kumejaa."

Dakika akashusha barakoa. "Kama betri iliyokufa," akasema. Alikuwa anapumzika katikati ya maneno. "Inaingia kwenye nafasi yake sawasawa. Saa haiendi. Na betri nzima haina pa kuingia."

"Hasa, baba. Hivyo hivyo."

"Basi si itafutwe inayokaa mkononi tu? Kifuani isikae."

 Yule binti akashusha miwani, akaifuta, akairudisha. "Kwa vidonge vya namna hii sina, baba. Nikituliza mkono nafunga kifua. Nikifungua kifua, mkono unacheza. Na kidonge hiki usikiguse tena maisha yako yote. Siku nyingine huenda tusiweze kukurudisha."

Alimpa pampu ya pili, ya kuvuta kila siku hata kama hajabanwa, ili ile ya kwanza asiihitaji sana. Imesaidia, sitasema uongo. Lakini kile si kifua cha kijana, petroli imeshakila. Ile ya kwanza bado anaihitaji, na mkono bado unacheza.

Mwisho wa mwezi tajiri alitoka ndani na saa ndogo ya mkewe. Hakusema ni mtihani. Aliiweka juu ya kioo akasema imesimama. Dakika alikuwa ameshavuta pampu asubuhi, mimi mwenyewe nilimsimamia. Akafungua mfuniko, akashika kibano. Ncha ya kibano ilikuwa inagonga chuma tik, tik, tik, mpaka Mama Vifungo akainua kopo lake akaanza kulikung'uta kwa makusudi ili tusiisikie. Skrubu iliruka ikapotelea chini. Hakuna aliyeinama kuitafuta.

"Nisamehe, fundi," tajiri akasema. Alikuwa na machozi, na si mtu wa machozi.

Sasa hapo anakaa mkwe wa tajiri na simu zake. Mama Vifungo hagawi tena hata kidonge cha kichwa, na nikipita ananisalimu ameangalia chini. Sina kinyongo naye. Kinyongo ningekuwa nacho kama ningejua nimpe nani.

Dakika ameleta meza yake chumbani kwangu, chini ya dirisha. Wateja wamebaki wale wazee wasioweza kumwacha. Na ameanzisha mtindo wake mwenyewe. Akiletewa saa, siku hiyo havuti pampu yoyote. Anaacha dawa imtoke mwilini, mkono unapoa, na anafanya kazi huku kifua kinajifunga taratibu. Anashindana nacho, nani atamaliza kwanza.

"Pampu iko wapi?" namuuliza.

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo, Dada. Nikimaliza hili gurudumu."

"Utanifia humu ndani wewe!"

"Basi niandikie nimekufa fundi. Usiandike nimekufa nimekaa bure."

Wakati mmoja nilimshika kidevu nikamtia pampu mdomoni kwa nguvu kama nilivyokuwa nikimpa uji. Kifua kilifunguka, akapumua, mkono ukaruka na ekseli, kile kijiti cha katikati ya gurudumu, ikavunjika. Saa ile haikuwa na vipuri popote. Hakunigombeza. Alifunika vyuma vyote kwa kitambaa, akalala akageukia ukutani, na kwa siku nyingi hakunipa hata salamu. Mimi sikumwomba radhi, na siombi. Daktari nilimfuata nikamweleza yote. Akasema, "Bibi, siwezi kumfunga kamba." Nikamwambia mimi ningeweza, ila naye ana kichwa kigumu kama changu, tutakatika wote wawili.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: pampu naishika mimi, na simpi mpaka aiombe kwa mdomo wake.

Leo ameletewa saa ya mzee mmoja, anaitaka kabla jua halijazama. Naandika haya nimekaa kitandani nyuma yake, karatasi gotini. Amebana lenzi, kibano kimetulia kabisa. Mabega yake yanapanda mpaka masikioni, yanashuka, yanapanda. Shingo imeanza kuchimbika pale chini kila anapovuta hewa. Pampu iko kiganjani mwangu, imeshapata joto. Nimekohoa makusudi ili ajue niko hapa. Anajua. Haombi.