Rangi ya Mafuta Nusu Ukuta

Mtu akianza kupaka rangi nyumba katikati ya mwaka, huku kwetu Buswelu jirani haulizi ni rangi gani. Anauliza nani anaolewa. Mama wa nyumba ya pili aliniuliza hivyo siku ile fundi alipoanza kukwangua ukuta wa sebule ya baba, nami nikamjibu kwamba tunajiandaa na Krismasi. Ulikuwa mwezi wa nane. Akaniangalia, akaangalia dirisha la chumba cha baba, akasema haya, Mungu awatangulie, akarudi kwake na ndoo yake ya maji. Hakuuliza tena. Nilimchukia wiki nzima kwa sababu alikuwa ameelewa.

Baba alikuwa anakufa, na hatukuwa tumemwambia. Daktari alituita pembeni, mimi na mdogo wangu wa kiume, akatueleza kwamba dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu, tumrudishe nyumbani akae na watu wake. Baba mwenyewe alikuwa amelala wodini, upande wa pili wa ukuta huohuo tulioegemea. Tuliporudi kitandani kwake tukamwambia ni vidonda vya tumbo, vinataka muda na chakula laini. Ndivyo tulivyolelewa, mgonjwa haambiwi. Mama naye hakuambiwa alipougua, na aliyeusimamia uongo ule kuanzia mwanzo hadi mwisho alikuwa baba. Sijui kwa nini nilidhani yeye asingeutambua uongo uleule.

Msiba wa mama ndio uliotufundisha aibu. Makochi yalitolewa nje, kama inavyofanyika, wanawake wapate nafasi ya kukaa chini kwenye mikeka, na pale yalipokuwa yamesimama miaka yote zikaonekana nyufa na plasta iliyobanduka. Juu ukuta ulikuwa mweupe uliogeuka njano, chini bluu ya mafuta iliyochubuka, na dari ya silingi bodi ilikuwa na doa la mvua kubwa kuliko sinia. Shangazi yetu akasema mbele ya watu kwamba kaka yake amesomesha watoto lakini nyumba haina mtu. Watu wakainamisha vichwa kama hawakusikia. Mimi nilisikia, na sikusahau.

Ndiyo maana tulipotoka kwa daktari, tukiwa bado hatujafika hata getini, mdogo wangu aliposema sebule ile haiwezi kupokea watu, sikukasirika. Nilikuwa nawaza hilohilo. Haikuwa imepita saa moja tangu tuambiwe baba yetu hatapona, na sisi tulikuwa tunahesabu kuta. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi nikajitwika kazi ya rangi. Mimi ni mtu wa kupenda kuamua. Nyumbani kwangu hata kijiko kina mahali pake, na mtu akikihamisha najua. Nilichukua kadi ya rangi kwenye duka moja mjini, na kila mchana nilipotoka ofisini kwenda kula pale Nyamagana niliiweka kando ya sahani. Ilikuwa na krimu saba. Ya kwanza na ya pili hata leo siwezi kuzitofautisha, lakini wakati ule nilizitazama kama mtu anayetafuta sindano. Kuchagua kati ya krimu mbili kulikuwa rahisi kuliko kuingia chumbani kwa baba na kukaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nilifika Buswelu jioni nikiwa na habari za rangi, na habari za rangi ndizo nilizompa.

Baba alikuwa amestaafu kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kuelekeza magari yapande vipi na yapangwe vipi, lori zito katikati, gari dogo pembeni, watu kwenye benchi. Daraja lililochukua nafasi ya kivuko lilipofunguliwa, hakwenda kulitazama. Mdogo wangu alijitolea kumpeleka kwa gari akakataa, akasema ataliona siku akienda kwao Sengerema, haraka ya nini.

Siku niliyompelekea kadi nilimkuta uwani, ameketi kwenye kiti chake cha mbao chenye mikono, kile alichokalia sebuleni tangu mimi mdogo.

Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mama." Aliniita hivyo siku zote kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

Akaisogeza kadi mbali na macho, akaigeuza, akairudisha. Aliuliza chini tunaweka rangi gani. Nikamweleza kwamba chini na juu ni rangi moja, krimu, rangi ya maji, ndiyo ya kisasa. Mambo ya nusu kwa nusu ni ya madarasa na zahanati. Akacheka, kicheko kikamchoma tumboni. Halafu akanieleza habari za kivuko. Pale abiria wanapoegemea hupakwa rangi nzito ya mafuta, ya kufutika kwa kitambaa, kwa sababu abiria hana adabu na ukuta. Akichoka ataegemea tu, na ana mafuta kichwani na vumbi mgongoni, huwezi kumlaumu.

Kisha akanyoosha mkono nimwinue. Tukaenda sebuleni polepole. Makochi ya zamani yalikuwa yameshatolewa, fundi alikuwa amechuchumaa anasugua msasa. Baba akashika ukuta, akaanza kushuka. Nilidhani anaanguka, nikamkamata kwapani, akaniashiria nimwache. Alichukua muda mrefu kufika chini. Akanyoosha miguu, akaegemeza mgongo, akaegemeza na kichwa, akamwambia fundi achukue penseli aweke alama pale kichwa kilipoishia.

"Rangi ya mafuta mpaka hapa," alisema. "Ya kahawia. Usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa chini."

Fundi akaweka alama, kisha akaniangalia mimi.

Sitaki kusingizia kwamba nilielewa baadaye. Nilielewa palepale. Kwetu hakuna anayekaa sakafuni sebuleni, mgongo ukutani na miguu imenyooshwa, isipokuwa siku za aina moja. Baba alikuwa ananirahisishia. Alikuwa amekaa mahali watakapokaa wanawake wa msiba wake, ananitazama, ananisubiri niseme neno. Kama ningekubali kahawia ile ningekuwa nimemwambia kila kitu bila kufungua mdomo. Nilichofanya ni kucheka.

"Baba, nani atakaa chini wakati tunanunua makochi mapya?"

Alinitazama sana. Macho yake yalikuwa yameshaingia ndani siku zile, lakini hayakuwa na hasira.

"Haya, mama," alisema. "Nyumba ni yenu."

Akaomba tumwinue.

Makochi tuliyachagua kwa fundi wa kando ya barabara, mimi na mdogo wangu. Mimi nilitaka kijivu kwa sababu kinakaa vizuri na krimu, mdogo wangu alitaka ya umbo la L kwa sababu ameyaona kwa bosi wake. Tukapata yote mawili. Yalipoletwa yalikwama mlangoni, wabebaji wakayageuza kila upande, mwisho ikabidi geti la chuma la mlango ling'olewe. Baba alikuwa uwani anawatazama. Akamuuliza mmoja wao kama kochi kubwa linabebwa na watu wawili. Akaambiwa wanne, tena wenye nguvu.

"Mtapata taabu kuyatoa," akasema. Alikuwa anasema na mimi.

Nikamjibu kwamba hatuna mpango wa kuyatoa. Nilisema kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeingiliwa kazini. Jioni ile nikahamisha na kiti chake cha mbao kutoka pembe ya sebule alikokuwa amekirudisha, nikakiweka tena uwani, maana hakikuendana na kijivu.

Siku fundi alipomaliza, tulimwingiza baba aone. Sebule ilikuwa inang'aa. Mapazia mapya, zulia, makochi bado yana nailoni, ukuta krimu tupu kuanzia sakafuni hadi juu. Ile alama ya penseli nilihakikisha imefunikwa, nilimwambia fundi aipitie mara mbili. Baba aliketi kwenye kochi, nailoni ikalia chini yake, akatazama ukuta wa upande ule aliokuwa ameegemea. Akasema imependeza. Halafu, fundi akiwa anafunga brashi zake kwenye gazeti, baba akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi bado hajaondoka. Ukitaka kubadilisha kitu, sema sasa."

Nikasema hakuna cha kubadilisha.

Aliishi wiki tano baada ya hapo. Nilimlisha uji, nilimgeuza, nilimwosha, tuliongea habari za mvua, za bei ya sato, za mtoto wa jirani aliyefaulu. Tuliongea kila kitu. Mara nyingi alikuwa ananyamaza katikati ya maneno na kuniachia nafasi, na mimi niliijaza kwa haraka na habari za mapazia. Alifariki asubuhi, mimi nikiwa njiani kuja, nimechelewa kwa sababu nilipita dukani kumchukulia foronya zinazofanana na shuka.

Watu walijaa kabla ya mchana. Ndugu wa Sengerema nao waliwahi kufika kuliko tulivyotarajia. Siku hizi hawasubiri kivuko. Wanaume wakafunga turubai nje, na wanne kati yao wakaingia kutoa makochi. Hayakutoka. Geti lilikuwa limeshachomelewa upya, ikabidi atafutwe mtu wa kulikata, na wanawake wakasimama kwenye jua na mikeka kwapani wakisubiri. Hakuna aliyecheka. Shangazi naye aliinamisha kichwa. Nilisimama pembeni nikitazama cheche za chuma, na maneno ya baba yakawa yanajirudia kichwani mwangu mpaka nikaziba masikio, watu wakadhani ni kelele za mashine.

Kisha wakaingia, wakatandika, wakakaa. Wakaegemea. Siku tatu walikaa hapo, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku, wenye mafuta kichwani, wenye vilemba, wenye vumbi la safari mgongoni. Siku ya nne tukampeleka baba kwao. Tulipita juu ya daraja kwa dakika chache, yeye aliyevusha watu maisha yake yote, na mdogo wangu aliyekuwa mbele na dereva akamwomba apunguze mwendo. Dereva akapunguza. Ndivyo baba alivyoliona daraja.

Matanga yalipoanuliwa na mikeka ikarudishwa kwa wenyewe, nilibaki peke yangu sebuleni. Ukuta ulikuwa umechafuka pande zote tatu walizoegemea. Chini madoa mapana ya migongo, juu yake madoa ya duara ya vichwa, moja kando ya jingine, ya mafuta, mengine meusi kabisa. Yote yaliishia karibu usawa mmoja. Nilichukua kitambaa na sabuni nikaanza kusugua. Rangi ya maji haifutiki, inatoka na ukuta. Nilisugua doa moja mpaka plasta ikaonekana, nikakaa nikalia, na nililia vibaya kuliko nilivyolia makaburini.

Kesho yake asubuhi fundi akaja. Sikuwa nimemwita. Alisimama mlangoni na brashi zake ndani ya gazeti, akanipa pole tena, akaangalia ukuta, hakushangaa. Nikamuuliza amefuata nini.

Akanieleza kwamba baba alimwita siku moja mimi nikiwa kazini, ukuta ukiwa umeshakauka. Alimtuma akanunue rangi, akamwelekeza mahali pa kuiweka, akamwambia asiniambie.

"Alisema mwanangu akiiona sasa hivi atalia, mwache," fundi alisema. "Alisema watu waegemee kwanza, matanga yakianuliwa ndiyo nije. Kopo liko chini ya kitanda chake."

Nilikwenda. Nilikuwa nimefagia chumba kile kila siku kwa wiki tano, lakini nilifagia kama mtu asiyetaka kuona, ufagio unapita tu. Kopo lilikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, limefunikwa kwa shati lake la kazi la zamani. Juu ya kifuniko kulikuwa na tone la rangi kuonyesha ni ipi. Kahawia.

Fundi alishakuwa amesogeza peke yake lile kochi la L, lililorudishwa ndani jana yake jioni, kutoka ukutani, sijui alipata wapi nguvu. Akaniuliza mstari uishie wapi, kwa sababu ile alama ya mzee tuliifunika.

Nikakaa chini, nikanyoosha miguu, nikaegemeza mgongo na kichwa ukutani, nikamwambia aweke nyingine.