Ushibe Kwanza, Wifi

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nalisema mapema ili asiyependa watu wa aina yangu aende zake. Wapo wanaosamehe na kusahau. Mimi hukumbuka hata rangi ya mkeka tuliokalia siku niliyokosewa. Siku ile mkeka ulikuwa wa zambarau na kijani, uani kwa mama mkwe wangu, kijijini Sindeni, na aliyenikosea alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu.

Tulikusanyika kupimwa sare. Mdogo wao wa mwisho alikuwa anaoa, na kwa kawaida yetu wanawake wote wa upande wa bwana harusi huvaa kitambaa kimoja na mshono mmoja, wakaingia uwanjani kwa mstari wakicheza, wageni wajue wenyewe wamefika. Wifi ndiye aliyesimamia. Vitenge alinunua yeye, fundi alimleta yeye kutoka Handeni mjini, na mshono aliuchagua yeye: gauni la kubana kuanzia kifuani mpaka magotini, zipu mgongoni. Mshono ule ulichaguliwa na mtu mwembamba kwa faida ya mtu mwembamba. Wifi alikuwa na kiuno. Sote tulijua ana kiuno, maana hakuwahi kutuacha tusahau.

Zamu yangu ikafika. Fundi, mama wa makamo mwenye utepe shingoni, akanizungushia utepe nyongani na kuanza kuutafuta mwisho wake. Kabla hajausoma, wifi akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Fundi, usijisumbue na huyo! Mpe pisi mbili za kitenge, na zikipungua tutashusha pazia la mama."

Watu wakacheka. Wakacheka mashangazi, wakacheka majirani waliokuja kuchambua mchele, na nyuma ya jiko nikamsikia mume wangu naye anacheka, kisu cha kuchinjia kuku mkononi. Ni mama mkwe peke yake aliyeendelea kupepeta mchele wake kama hakusikia.

Sasa mtu wa mbali atauliza kwa nini sikumjibu palepale. Yeye ni Mzigua, mimi ni Msambaa wa Vugiri, na watu wetu wametaniana tangu enzi za mababu. Juu ya hapo sisi ni mawifi, na wifi ana ruhusa ya kukusema hata kwa maneno utakayoyachukia. Kwetu anayetaniwa akinuna ameshindwa, na akitoa chozi atasimuliwa mpaka kwa wajukuu wake. Kwa hiyo nilicheka. Nilionyesha meno yote huku moyo unachemka, na kutoka katikati ya kile kicheko likanitoka neno ambalo sikulipanga.

"Fundi, langu usilipime. Chukua vipimo vya wifi, ukate mawili yaliyo sawasawa."

Uwanja ukalipuka upya. Wifi akapiga kigelegele kirefu. "Mmemsikia wenyewe! Na usipoingia?"

"Nisipoingia, sitacheza kwenye mstari. Nitashinda jikoni na masufuria mpaka wageni waondoke."

"Na hii pisi ya ziada?"

"Lete. Umeninunulia mimi."

Akanitupia kifuani. "Kaa nayo karibu, wifi. Utaihitaji."

Basi hapo ndipo shughuli ilipoanza. Nikirudi harusini nikaingia kwenye gauni lile, nimemziba mdomo. Nisipoingia, nitaitwa pazia Sindeni nzima mpaka nazikwa. Usiku ule mume wangu aliniambia dada yake hakuwa na nia mbaya, ni utani tu. Nikamwambia alale. Wiki ileile niliichukua pisi ya ziada nikaishona pazia kweli, nikalitundika dirisha la chumbani, niwe nalitazama kila ninapofumbua macho.

Tatizo lilikuwa kazi yangu. Nina mgahawa Mombo, pale mabasi yanaposimama abiria wakale. Tangu asubuhi mpaka jioni nakaanga kuku, nakaanga chipsi, napika pilau, na mpishi asiyeonja ni mwongo. Naonja chumvi, naonja kama nyama imeiva, naonja tena kuhakikisha nilivyoonja mwanzo ndivyo. Nikijiambia nitajipikia changu kidogo cha kupunguza mwili, mkono unakataa. Mkono wangu haujui kupika kwa ajili ya mtu mmoja mwenye njaa ndogo.

Nikasikia habari za mama mmoja wa Tanga mjini anayepika vyakula vya watu wanaopunguza mwili. Anapika, anapima, anafunga kwenye makopo ya plastiki, anagandisha mpaka vinakuwa jiwe, halafu anavituma kwa basi ndani ya boksi jeupe la kubebea samaki. Wewe kazi yako ni kutoa kopo kwenye friza, kupasha moto, na kula. Nikaagiza. Konda aliponikabidhi boksi la kwanza akauliza kama nimeanza kuuza kibua.

Ningependa kusema vilikuwa vitamu. Kopo la kwanza lilikuwa na wali wa rangi ya udongo, kipande cha samaki kisicho na ngozi wala furaha, na mchicha uliochemshwa ukaachwa hivyo, bila nazi, bila karanga, bila hata kitunguu cha kuuombea radhi. Ukipasha moto, pembeni panatokota na katikati bado pana barafu. Ukitafuna, jino moja linaungua na la pili linaganda. Nilikula nikiwa nimesimama karibu na karai langu la kuku, moshi wa mafuta unanipiga usoni, na machozi yakanitoka kwa hasira.

Abiria mmoja aliniona. Alikuwa ameshaagiza, na aliponikuta nachokora kopo akarudisha sahani.

"Mama, kama wewe mwenyewe huli chakula chako, mimi nikile kwa nini?"

Nikalazimika kuonja kuku mbele yake ndipo akakaa. Tangu siku hiyo nilikuwa najificha nyuma ya friza, mwanamke mzima kwenye mgahawa wake, nakula kama mwizi. Nilikula kwa uchungu. Kila mchicha ulipogoma kushuka nilimkumbuka wifi pale mlangoni, na ukashuka. Watu husema pilipili ndiyo inayokoleza chakula kisicho na ladha. Waulize wenye visasi.

Na mwili ukaanza kutii. Pete ikaanza kucheza kidoleni. Sketi ikaomba pini. Wateja wa siku zote wakawa wananiuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo nyumbani. Gauni nililiomba kwa fundi mapema likaja na basi la Handeni, na kila Ijumaa nilikuwa nalijaribu mbele ya lile pazia. Mwanzo lilikwama mabegani. Likaja kukwama kifuani. Likafika nyongani, likagoma hapo kwa muda mrefu.

Kukiwa bado miezi miwili na kitu kabla ya harusi, wifi akatokea Mombo. Handeni anauza barafu na juisi, ana friza kubwa sebuleni, na msimu wa matunda hupanda Lushoto kununua mafyulisi. Aliposhuka kwenye gari akapita karibu nami kama hanijui, halafu akarudi nyuma.

"Shikamoo wifi," nikasema.

"Marahaba." Akanizunguka kama anayenunua mbuzi. "Wifi, unaumwa?"

"Siumwi, wifi. Nakula."

"Unakula nini?"

Nilikuwa nimechoka, na njaa ya mchana ilikuwa imenishika. Sikuona sababu ya kumficha. Nikafungua friza nikamwonyesha makopo yamepangana, kila moja na maandishi juu. Akalitoa moja, akaligeuza, akalinusa ijapokuwa lilikuwa jiwe.

"Vinakondesha hivi?"

"Vinakondesha."

Niliona anavyofanya hesabu zake. Gauni ni la vipimo vyake, na mimi niko njiani kulifikia. Nikilifikia, yeye atakuwa amebaki na nini cha kunizidi? Ilibidi yeye apungue zaidi. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Kabla ya chakula, au baada?"

Mwanzo sikumwelewa. Ndipo ikanijia. Wifi alidhani ni dawa. Kichwani mwake chakula ni bada la unga wa muhogo na mchuzi wa samaki, ugali na mlenda, wali wa nazi. Hivi vilivyoganda kwenye kopo ni kitu cha hospitali, unakimeza na chenyewe kinaingia tumboni kula mafuta yako. Na ukichunguza, hakuwa mjinga. Sote tumelelewa kuambiwa dawa kali haimezwi na njaa.

Hapo ningeweza kumwelimisha. Neno moja tu lilitosha. Lakini nilimtazama, na nyuma yake nikauona ule mkeka wa zambarau na kijani.

"Baada, wifi," nikasema. "Ushibe kwanza."

"Kutwa mara ngapi?"

"Mimi natumia mara tatu."

Nikampa namba ya yule mama wa Tanga, nikamfungia na makopo mawili ya kuanzia. Sikumwongopea hata neno. Mara tatu nilikuwa natumia kweli, na kushiba kwanza ni ushauri mwema kwa binadamu yeyote. Aliponipungia mkono kutoka dirishani nilirudi kwenye karai langu nikacheka mpaka msichana anayenisaidia kuosha vyombo akaniletea maji.

Kuanzia hapo kila nilipofungua kopo lilikuwa linashuka lenyewe. Nilikuwa namwona Handeni, ameshamaliza bada lake, ameshalamba mchuzi, anajilazimisha wali wa rangi ya udongo juu yake kwa ajili ya kiuno. Alikuwa ananitumia ujumbe: dawa yako chungu, wifi. Nami namjibu: vumilia, inafanya kazi polepole. Hakuwa na njia ya kujiona, kwa sababu nyumbani wifi huvaa dera, na dera ni vazi lenye huruma. Linameza mtu wa kila kipimo bila kumwambia kitu.

Siku ya harusi tulivalia chumbani kwa mama mkwe, wanawake tumejaa mpaka kitandani. Nilivua nguo zangu. Gauni likapita mabegani, likapita kifuani, likafika nyongani, na mama mkwe akaja nyuma yangu bila kuitwa, akashika zipu kwa mikono yote miwili.

"Vuta pumzi, mwanangu."

Nikavuta. Zipu ikapanda. Ilipanda ikinung'unika, lakini ilipanda mpaka juu, na mashangazi walewale waliocheka wakapiga vigelegele. Furaha niliyoipata sijui kama niliipata siku ya ndoa yangu mwenyewe.

Wifi alikuwa pembeni anahangaika. Lake lilikuwa limefika nyongani, halisogei. Fundi akavuta upande huu, shangazi akavuta upande ule. Kikasikika kishindo kidogo cha uzi kukatika.

"Mama, umeongezeka," fundi akasema, na alisema kwa upole. "Hapa inatakiwa kuongeza vipande ubavuni. Mimi kitambaa nilikimaliza chote."

Wifi akageuka haraka. "Wifi anacho! Ana pisi nzima." Macho yote yakanigeukia. "Wifi yangu, ile pisi ya ziada umekuja nayo?"

Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo muda wote ule wa mchicha bila chumvi, na bado sikujua kwamba ingekuja imenyooka namna hiyo. Sikuwa na haraka.

"Ipo Mombo, wifi. Nilishona pazia."

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe. Alicheka akashika ukuta, akakaa kitandani, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na wengine wakamfuata. Wifi akanitazama. Nikamwona anatafuta kununa, na nikamwona anakumbuka kwamba hawezi. Akacheka na yeye, meno yote nje. Nakijua kile kicheko. Nilikivaa kabla yake.

"Utani tu, wifi," nikamwambia.

Asiyekuwa na sare haingii mstarini, hata awe ndiye aliyeigawa. Tulipotoka kucheza, yeye alibaki jikoni na dera lake la bluu na masufuria. Wakati wa chakula ulipofika nilipanga foleni na wageni, gauni limenibana hata kukaa siwezi, na sahani yangu ya pilau niliipokea kutoka mkononi mwake. Aliweka kijiko kimoja.

"Jaza, wifi," nikasema. "Mimi dozi nimemaliza."

Akajaza. Akauliza polepole, bila kuniangalia: "Kumbe vilikuwa vya kula badala ya chakula?"

"Uliniuliza kabla au baada. Badala hukuuliza."

Mwili wangu umerudi wote, na umekuja na wageni. Gauni sasa halipiti hata mabegani; nimelikunja chini ya sanduku. Makopo siagizi tena, na nikila nakula mezani, mbele ya abiria. Wanaoniuliza kama najuta huwa nawauliza watakula kuku au pilau.

Wifi bado hupita Mombo msimu wa mafyulisi, maana kupanda Lushoto hakuna njia nyingine. Pazia nimelitoa chumbani, nimelitundika kwenye dirisha kubwa la mgahawa, na kuna kiti kimoja kinacholitazama uso kwa uso. Hapo ndipo namkaribisha. Namletea chai ya maziwa, kuku na chapati, nasimama pembeni nikijifuta mikono, na kabla hajanyanyuka namuuliza kama ameshiba.