Mwaka Tuliovuta Kamba Tumelala

Enzi zetu, mtu akitaka kukimbia alikimbia. Hakutafuta kwanza viatu vya kukimbilia, wala saa ya kumwambia kama moyo wake unadunda, wala mtu wa kumpiga picha akitoka jasho. Hapa ughaibuni, kwenye maghorofa ya St. James Town, nawaona kutoka dirishani kila Jumamosi. Wanajinyoosha nusu saa, wanakunywa maji ya rangi, wanazunguka mtaa mmoja, kisha wanarudi kwenye lifti wakihema kama watu waliotoka kulima. Nawatazama tu. Mimi si mtu wa kusema sana, nacheka kimoyomoyo.

Ninyi mliosoma shule za vumbi mtanielewa. Nilikuwa darasa la sita, upande wa Singida, mwaka ambao mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Nkungu, aliokota kitabu cha picha kwenye stoo ya parokia. Kilikuwa na michezo ya mwaka mmoja mzima huko Ulaya na Marekani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Wanaume wenye masharubu wanashindana kutembea, wanapanda baiskeli yenye gurudumu la mbele refu kama mlango, wanapiga makasia, wanavuta kamba. Maelezo yote mchwa walikuwa wameyala, zimebaki picha. Mwalimu akatangaza mstarini kwamba mwaka ule tutaicheza michezo yote, mwezi kwa mwezi, kama ilivyo kitabuni.

Tulidhani amechanganyikiwa. Kumbe mwenyekiti wa kijiji alikuwa anautaka uwanja wetu. Kila mkutano alisimama, tumbo likitangulia, akasema, "Ardhi ile haina kazi. Pale wanacheza mbuzi. Tujenge vibanda vya biashara." Na kila mtu alijua vibanda vingekuwa vya shemeji zake. Mwalimu alitaka kijiji kizima kione kwamba uwanja una kazi.

Basi tukaanza. Mwezi wa kutembea, tulitembea viwiko vimepanda juu na makalio yakicheza, hata tukienda kisimani, mpaka mama zetu wakatuuliza kama tumebanwa na tumbo. Baiskeli ya gurudumu refu hatukuwa nayo, tukaazima ya Mzee Hango wa mashine ya kusaga, tukainua kiti mpaka miguu ikaacha kufika chini. Wawili waliishia kwenye minyaa. Makasia tuliyaruka, kwa sababu mto wetu hukauka Juni. Na kwa kuwa kitabuni kila mshindi alikuwa na masharubu, mshindi wetu alichorwa masharubu ya mkaa, awe mvulana au msichana, akaenda nayo nyumbani. Hakuna aliyenawa kabla ya kulala.

Ukafika mwezi wa kamba. Kwenye picha ile wavutaji wote wamelala chini, miguu mbele, visigino ardhini. Mimi naamini mpaka leo kwamba wale Wazungu walikuwa wameanguka. Lakini Mwalimu alikuwa ameamua kwamba kamba huvutwa hivyo, na nani angemwambia? Tukachimba vishimo vya visigino, tukajifunza kulala na kukaza. Mimi niliomba kukaa mkiani ili nisionekane. Sikujua kwamba wa mkiani ndiye anayefungwa kamba kiunoni, na akiteleza yeye, wote wamekwisha.

Mwalimu akaenda mkutanoni akamwambia mwenyekiti mbele ya watu, "Lete vijana wako wa gulioni wavute na wanafunzi wangu. Wakishinda, jenga vibanda. Wakishindwa, usiutaje tena uwanja huu." Mwenyekiti alicheka mpaka akajifuta machozi, akakubali. Nani angekataa? Wabeba magunia dhidi ya watoto wa uji.

Nyumbani, bibi yangu aliyenilea alikataa kata kata. "Mtoto wa kike halali chini mbele za watu," alisema. "Hata akifa hufunikwa." Nikalia usiku, kwa sababu nilijua mkiani hakuna mwingine aliyezoea. Asubuhi nikamkuta Bibi mlangoni ameshika suruali ya marehemu babu, ameipunguza miguu. "Vaa hii. Mama yako alicheza uwanja ule, na mimi nilicheza kabla haujawa uwanja. Lala, lakini usiachie."

Tulipolala chini, kijiji kizima kilicheka.

"Mwalimu, hawa wamekufa?" akauliza mmoja wa wabeba magunia. "Tuwazike?"

"Waleteeni mkeka," akasema mwenzake.

Filimbi ikalia. Wakavuta kwa kishindo kimoja, wakitegemea tung'oke kama mihogo michanga. Hatukusogea. Kamba ilinikata kiuno, vumbi likanijaa mdomoni, visigino vikawa moto. Wakavuta tena, safari hii bila utani. Walikuwa wamevaa kandambili, ardhi ilikuwa ya vumbi jepesi, na wao wamesimama. Mwalimu alikuwa anasema kwa sauti ya chini tu, "Kaeni. Kaeni." Kandambili ya wa kwanza ikakatika mkanda. Akapiga magoti, wa pili akamwangukia, na hapo Mwalimu akasema, "Sasa." Tukawaburuta wakavuka mstari kama magunia waliyozoea kubeba.

Mwenyekiti akasema haikubaliki, hawa hawakuvuta, walilala.

Bibi yangu, ambaye alikuwa hajawahi kusema neno mkutanoni, akamwuliza, "Wamekuburuta wamelala, baba. Wakisimama je?"

Mwenyekiti hakuutaja uwanja tena. Mimi nilichorwa masharubu, na Bibi mwenyewe akanikataza kunawa.

Juzi Kelvin, mtoto wa mama mdogo ninayeishi kwake hapa, alirudi kutoka shuleni na medali. Nikamwuliza ameshinda nini. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba hakushinda, alikuwa wa mwisho, ila medali wanapewa wote, ili asiumie mtu. Anazo nyingine tano kwenye droo ya soksi, zote za kutoshinda. Nikamsimulia habari ya kamba. Akasikiliza, jambo la nadra, kisha akajilazimisha Kiswahili: "Dada, nyinyi mlipewa nini?"

"Mimi masharubu ya mkaa," nikasema. "Na sote uwanja."

Akataka kuuona. Dada yangu aliyebaki kijijini alishanitumia picha, nikamwonyesha kwenye simu. Uwanja upo. Hakuna aliyejenga hata kibanda kimoja. Nyasi zimefika magotini, na watoto wamekaa pembeni kwenye mti wa goli ulioanguka, wameinamia simu, hakuna hata mmoja anayetazama mbele. Mbuzi peke yao ndio walio katikati.

Kelvin akaitazama ile picha muda mrefu. Nikaona mwanya, nikamwambia bustani iko hapo chini tu, nina kamba ya kuanikia nguo, twende nimfundishe kulala.

Akainuka, akaenda dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo.

"Dada," akasema, "nje kuna baridi."